Puliza Kaseti

Haya yalimpata rafiki yangu Tatsuo, dereva wa teksi kule Akita, msimu ule theluji ilipoziba madirisha, mchana ukawa giza. Alimnunulia baba yake mgonjwa gemu la mbio za magari, lile ambalo mzee alilicheza zamani mkahawani, sasa limetengenezewa runinga ya nyumbani.

Alipochomeka kaseti ya gemu mashineni, kioo cha runinga kilibaki cheusi.

"Puliza kaseti vumbi litoke, wenzio wote hupuliza," mzee akamcheka. "Dereva mzima hujui kuwasha gari?"

Tatsuo akapuliza. Kioo hakikuwaka, ila injini ya gemu ilinguruma. Akageuka kwa furaha, akakuta baba hapumui.

"Baba! Baba, we!"

Akachomoa kaseti, kisha waya wa runinga, lakini mngurumo haukukoma. Gizani, injini ikabadilisha gia, ikaanza kwenda mbali. Kabla haijapotea, ikapiga honi mara mbili.

Gemu lile halikuwa na honi.