Mlango Ulioitwa Magesa

Mizani ilikuwa tupu, hata kokoto haikuwepo juu yake, lakini kompyuta ilikuwa ikiandika uzito wa mtu mzima.

Zipora, karani wa Mzee Herman kwenye machimbo nje ya Kahama, akaupapasa waya unaotoka kwenye mizani ya viroba vya mawe. Ulikuwa umekaza. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya zile watu walizochezea michezo majumbani zamani, na ilitaka kila mlango, yaani tundu la kuchomekea waya, upewe jina. Ule wa mizani Zipora alikuwa ameuita MAGESA, kwa hasira tu. Magesa, mdogo wake, alifukiwa na udongo ndani ya duara, shimo la dhahabu la Herman, na Herman, kwa macho makavu, akatangaza kuwa kijana katorokea Geita. Nani anatoroka akaacha simu kwenye chaji? Mama yao, Mayu kama walivyomwita kwa Kisukuma, hajakaa msiba mpaka leo, maana hana cha kuzika.

"Mlango unaupa jina la mtoro?" Herman alifoka akiingia chumbani. "Kesho duara lile nalijaza kifusi. Nimechoka na maneno yenu!"

"Ulijaze na mtu yumo?"

Tarakimu zikavurugika zikawa herufi zisizosomeka. Zipora alidhani kasi ya mizani kutuma tarakimu na ya kompyuta kuzipokea hazilingani, akaipunguza ya kompyuta, akaipunguza tena, na kila alivyoipunguza harufu ya tope na baruti ilizidi kujaa chumbani, sahani ya mizani ikigongwa kutoka chini ngo, ngo, ngo, mpaka herufi zikatulia zikasomeka.

DADA. MWAMBIE MAYU NIPO CHINI.

Herman mwenyewe ndiye aliyekimbia kumwita Mama Mageni, mganga. Yule mama hakuvuka kizingiti.

"Huyu hafukuziki, ng'wanawane, mwanangu," alinong'ona. "Kaitwa kwa jina. Badilini jina la mlango, atamhamia mwenye jina jipya."

"Andika jina lolote!" Herman alihema. "Lolote, upesi!"

Zipora akamtazama. Akafuta. Akaandika HERMAN.

Mizani ikarudi sifuri. Herman akafumbua mdomo amtukane, ikatoka sauti ya Magesa: "Dada, nitoeni."

Akatoka mbio, akateremka ndani ya duara, akaanza kufukua kwa kucha, analia kwa sauti yake mwenyewe huku mikono haimsikii. Wachimbaji wakataka kumpelekea koleo.

"Mwacheni," alisema Zipora. "Achimbe hivyo hivyo."