Nusu Saa ya Kupima Umeme

Baba yangu alikuwa fundi redio. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilichokuwa duka lake. Redio za wateja alizipanga ukutani, na kila moja aliipa jina la ugonjwa wake. Kulikuwa na inayokoroma, inayonong'ona, na iliyomwagiwa chai. Mteja akija, baba alimwambia, "Inayokoroma yako imepona." Mimi nilifanya kazi za shule kwenye kona ya meza yake, na madaftari yangu yote yalikuwa na vitundu vilivyochomwa na chuma chake cha kulehemu. Walimu walinigombeza sana. Leo ningetoa chochote nipate hata daftari moja kati ya yale.

Miaka ikapita. Niliolewa, nikapata mtoto, kisha nikajiunga na chuo cha ufundi kusomea elektroniki. Chuo kilikuwa mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Mtoto alikuwa na miezi mitano na bado ananyonya. Mume wangu alikuwa kazini ugenini, kwa hiyo nilirudi kukaa na wazazi. Masomo niliyapata kwa kompyuta, kupitia mtandao.

Lakini umeme hausomwi kwa macho tu, lazima uupime. Chuo kikatuambia tutapima kwa maabara ya mbali. Unaingia kwenye tovuti ya chuo na kujiwekea nusu saa yako. Unachagua vifaa kwenye kioo cha kompyuta, unaunganisha nyaya kwa kipanya, halafu unasoma mita. Pembeni kuna kidirisha kinachoonyesha meza yenye vifaa.

Baba alichungulia begani kwangu akacheka.

"Mwanangu, unapima picha," akasema. "Ukiona njaa, uchore na chakula."

Nilicheka naye, na kwa kweli nilimwamini. Nilidhani ni mchezo wa kompyuta tu.

Zoezi la kwanza lilikuwa rahisi. Nilipewa umeme wa volti kumi na rizista mbili zinazolingana, zikifuatana kwenye njia moja. Rizista ni kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi, kinachozuia umeme usipite ovyo. Kwa hesabu, kila rizista ilipaswa kupata volti tano. Mita ikasoma nne nukta nane sita. Nikarudia, ikasoma vilevile. Siku hiyo mtandao ulikuwa wa kusuasua, nikasema basi, mtandao umepunguza umeme njiani. Nikaandika tano. Nilijiona nimemsaidia mwalimu.

Ripoti ikarudi imekataliwa. Nikaifanya upya, na nikaandika tano kwa mwandiko mzuri zaidi. Ya pili ikarudi na barua. Ripoti ya tatu ikikataliwa, nitaondolewa kwenye kozi.

Nililia kama mtoto mdogo. Baba naye, ule utani wake ulimwishia. Mama ndiye aliyemchukua mtoto mikononi mwangu. Aliniambia machozi hayajibu barua, nipige simu chuoni.

Nikapiga. Aliyepokea ni mtunza maabara, mwanamke ambaye wanafunzi wote tulimwita Mama Maabara. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia niingie kwenye tovuti na nitazame kidirisha cha pembeni. Nikatazama. Mkono wa mtu ukaingia kwenye picha. Ukagusa ubao wenye rizista kwa ncha ya kalamu.

"Huo ni mkono wangu," Mama Maabara akasema kwenye simu. "Sasa niambie, hii ni picha au ni meza?"

Baba akavuta kiti akaketi. Simu niliiweka kwa sauti kubwa ili naye asikie.

Mama Maabara akaeleza taratibu. Vifaa vyote ni vya kweli na viko chumbani kwake. Mimi nikiunganisha waya kwenye kioo, swichi za huko zinaunganisha vifaa vyenyewe. Nikikosea kwa namna ya hatari, mashine inakataa kuwasha umeme. Mtandao ukikatika, niingie tena nipime upya, mradi nusu saa yangu haijaisha.

"Na mtandao haupunguzi volti," akasema. "Fikiria simu hii. Sauti yangu inaweza kuchelewa, inaweza hata kukatika. Lakini nikisema nne, simu haiwezi kukuambia tano."

"Kwa hiyo ile nne na ushee ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Rizista zile nilizichomeka mwenyewe. Tangu muhula uanze hazijampa mtu yeyote tano kamili. Wewe peke yako ndiye uliyeipata. Ndiyo maana tulijua hukuandika ulichopima."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba akakohoa kidogo.

"Mstari wa mwisho wa rizista hizo ni wa dhahabu?" akauliza kwenye simu.

"Ndiyo, mzee."

Akanigeukia. Akaniambia mstari wa dhahabu maana yake rizista inaweza kuzidi au kupungua kwa sehemu tano katika mia. Miaka thelathini hajaona mbili zinazolingana sawasawa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani unapima picha," akasema. "Mimi ndiye niliyekupoteza, mwanangu. Nisamehe."

Kesho yake saa tatu asubuhi tuliingia pamoja. Baba aliomba aunganishe nyaya yeye. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka tangu miaka miwili kabla ya hapo, na kwa sababu hiyo alifunga duka. Alishika kipanya kwa mikono miwili. Mshale ulitangatanga kwenye kioo, nami nikajizuia nisimsaidie. Mwishowe akabonyeza, na waya ukakaa pale pale alipotaka. Akatazama kidirisha cha pembeni, taa ndogo ya kijani imewaka kwenye meza ile ya mbali. Nilimwona akifuta macho kwa kiganja.

Nikapima. Rizista ya kwanza ikasoma nne nukta nane sita, na ya pili tano nukta moja nne. Zikijumlishwa ni kumi kamili. Nikaandika hivyo hivyo, nikaeleza na sababu ya tofauti.

Ripoti ikapokelewa, na kozi nikaimaliza. Sasa nina kazi ya ufundi, na sijabadilisha tena namba ya mita.

Siku ripoti ilipopokelewa nilimkuta baba ameketi mbele ya kompyuta iliyozimwa, amevaa lile koti lake la kazi ambalo mama alikuwa amelikunja kabatini.

"Kama kuna nusu saa isiyo na mwenyewe," akasema, "niombee kwa yule mama."

Nikamwombea, na Mama Maabara akampa ya kila Jumamosi. Baba aliitumia mpaka alipofariki, na hakuchelewa hata mara moja.