Mwanamke Aliyepakata Hewa

Giza lilikuwa linaanza kuingia mke wa mchoraji alipofika kwa fundi wa fremu, mtoto mgongoni, pumzi juu juu, maana mumewe yuko kitandani na homa na mnunuzi anakuja asubuhi kuchukua picha yake.

"Shemeji, wewe uliyesoma," fundi akasema huku akifuta kioo cha picha hiyo, "hebu niambie, huyu dada ana nini? Mimi namwona anasikia baridi tu."

Wakacheka. Kisha mke akaitazama picha vizuri. Mwanamke ameketi, shuka la bluu begani, bluu ya huzuni ile, shingo imeinama, mikono imekunjwa kifuani kama ya mtu aliyebeba kitu. Titi moja nje. Na mikononi... hamna.

"Si baridi, shemeji. Ananyonyesha. Ila mtoto hayupo."

Fundi akaacha kufuta kioo.

Mtoto mgongoni, aliyekuwa analialia tangu njiani, akanyamaza ghafla.

Nyumbani akaiegemeza ukutani sebuleni. Mama mkwe akatoka jikoni, akaiona, akakaa chini pale pale.

"Mtoto wake yuko wapi?" akanong'ona.

"Mtoto gani, mama?"

"Huyo ni mwenzio, mke aliyekutangulia. Walizikwa pamoja, yeye na kichanga chake. Mwanangu aliwachora wote wawili."

Sauti ya mume ikatoka chumbani, kavu: "Mnunuzi alisema mtoto anatia simanzi, nikamkwangua. Rangi tu hiyo, mama!"

Rangi tu.

Mke akamfungua mwanawe mgongoni ampe ziwa. Mtoto akageuza uso. Akaikodolea picha macho. Midomo yake haikugusa kitu, lakini sebuleni sauti ya kunyonya ikasikika...

Nyo... nyo... nyo...

Harufu ya rangi mbichi. Na ya maziwa.

"Igeuze!" mama mkwe akanong'ona. "Igeuze haraka!"

Akaigeuza. Mtoto akapiga ukelele wa mtu aliyenyang'anywa, akalia mpaka midomo ikawa myeusi, na ziwa la mama yake analisukuma kwa ngumi. Angefanyaje? Akairudisha ilivyokuwa. Kimya.

Asubuhi mke alikataa kuitoa, mnunuzi akaondoka mikono mitupu, mume akatukana hadi sauti ikamkauka.

Picha ingali sebuleni. Maziwa ya mke wa mchoraji yamekatika, kifua kimelala kama cha msichana. Mtoto ananawiri, mashavu haya! Wageni wakimpakata wanasema hongera mama, unanyonyesha kweli kweli. Naye huitikia asante, macho chini, maana hajui hongera hiyo wanampa nani.