Pasi Nyuma ya Ukuta

Fsssss...

Kimya kidogo. Kisha tena.

Fsssss...

Mama Kibonge alifumbua macho gizani. Ni pasi ile. Hakuwa na shaka, maana pasi ya mvuke ukiikandamiza kwenye nguo mbichi ndivyo inavyolia, na ukuta uliokuwa kichwani pake ndio uliowatenganisha na chumba cha kufulia cha abiria. Lakini chumba kile kilifungwa saa nne, mhudumu anatia ufunguo mwenyewe na kuondoka nao, na sasa meli nzima ilikuwa imelala, imebaki injini tu huko chini inakoroma kama paka aliyeshiba. Nani anapiga pasi saa hizi?

Ubavuni kwake, Kibonge, mwanawe wa miezi saba, alikuwa macho. Halii. Ameugeukia ukuta.

Anacheka.

Sasa tusiparamie usiku kabla ya jioni, maana jambo lenyewe lilianza jioni, tena kwa nepi.

Meli ile ilikuwa ya starehe, ndefu kama mtaa, na safari yake ndefu vilevile. Waliokuwa waende ni dada yake mkubwa na mumewe. Shemeji akabanwa na kazi dakika za mwisho, na dada akasema, "Nafasi isioze bure. Mdogo wangu, beba mtoto wako twende ukapumzike." Na nani angekataa? Walipoiacha bandari ya mwisho ikawa ni maji tu, maji mbele, maji nyuma, wiki nzima bila kuona hata jiwe. Na siku za baharini ni tamu, asikudanganye mtu. Unaamka na harufu ya mkate wa moto. Unajinyoosha kwenye kiti cha kulala juu ya sitaha, upepo unakupapasa, maji ya bwawa la kuogelea yanayumba polepole meli inapoyumba, na samaki wadogo wanaruka pembeni wanameta kama vijiko. Watu wanasahau hata leo ni siku gani. Wanaulizana, wanacheka, wanaagiza kinywaji kingine.

Ila utamu huo alikuwa anaula dada.

Yeye Mama Kibonge alikuwa na vipele vya mtoto. Nepi za kutupa zilimchubua Kibonge tangu siku za mwanzo, kwa hiyo ikawa nepi za kitambaa, na nepi za kitambaa hazijifui zenyewe. Mtoto halali mchana, usiku ananyonya kama anadai. Na kila akipita sitahani na beseni lake, anamwona dada kanyoosha miguu juu ya mto, kofia pana usoni, glasi ya limau mkononi. Analala adhuhuri. Analala alasiri. Mezani samaki anamsukuma kando eti ananuka, samaki mwenyewe kapambwa kama bibi harusi! Mama Kibonge anatazama, anameza mate machungu. *Wengine Mungu kawaumbia mgongo wa kulalia, wengine wa kubebea.*

Siku moja dada alirudi kutoka duka la melini na soksi nyeupe, ndogo kama kidole gumba.

"Hizo za Kibonge?" aliuliza Mama Kibonge. "Dada, hata kidole hakiingii humo."

"Ah... nimeziona nzuri tu." Dada akazirudisha mkobani haraka, uso umeiva.

*Hata mguu wa mtoto wangu haujui ulivyo. Ndiyo akili ya asiyezaa.* Wazo lenyewe lilimshtua. Dada alikuwa na miaka mingapi ya kulilia mtoto, ya hospitali na machozi ya chooni? Alijua yote hayo. Lakini wazo hakulifukuza. Alilikalisha, akalipa na kiti.

Jioni hiyohiyo akaenda kufua.

Jua lilikuwa linazama, na bendi huko juu ilianza kujaribu ngoma zao, ndum, ndum, zinashuka kwenye dari. Kibonge alikuwa mgongoni, amefungwa kwa mbeleko ya bibi yake, kitambaa cha kahawia chenye maua ya njano yaliyofifia. Mbeleko ile ndiyo iliyombeba dada, kisha ikambeba yeye. Mama yao alipompa alimwambia neno moja: "Mtoto unaweza kumpa mtu akushikie. Mbeleko usiazime. Mtoto haujui uso kwanza, anaujua mgongo." Dada siku ile alikuwepo. Alikitazama kitambaa, akatoka nje.

Mle ndani ya chumba cha kufulia mlikuwa na mwanamke anapiga pasi.

Alikuwa amegeukia ukuta. Gauni jeupe lisilo na kunjo hata moja. Anapiga kishati kidogo cha mtoto, anakigeuza, anakipiga tena. Fsssss... Harufu ya mvuke na sabuni, na nyuma yake harufu nyingine, ya mwani uliolala juani.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Kibonge.

Mwanamke hakuitikia. Fsssss...

"Amekuelemea huyo," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo kazi yetu, mama."

"Wenzio wanacheza muziki."

"Wenzangu hawana nepi."

Mwanamke alicheka, mabega tu, bila sauti. Akageuka. Uso wake nao haukuwa na kunjo, si la uzee, si la kicheko, kama na wenyewe umepitishiwa pasi. "Lete nikubebee. Nenda kapunge upepo. Na nepi nitakufulia."

"Nimlaze kwenye kikapu hapo?"

"Mikono yangu ina kazi, mwanangu. Nipe na kitambaa."

Hapo ndipo ulimi ulipaswa kusema hapana. Lakini ngoma zilikuwa zinaita, ndum, ndum, na alimwona dada machoni mwake, kofia, limau, miguu juu ya mto. Mikono yake ikafungua fundo yenyewe.

Na alikwenda! Alikula chakula kikiwa bado cha moto, mara ya kwanza tangu ajifungue. Alicheza mpaka viatu vikamvuka vyenyewe. Alisimama ukingoni mwa sitaha, upepo unaingia mpaka kwenye mbavu, bahari inang'aa nyeusi chini, akahisi ni msichana tena, hadaiwi maziwa na mtu.

"Kibonge yuko na nani?" dada alimuuliza.

"Yupo na mhudumu mmoja mama mtu mzima. Kwani wewe tu ndiye wa kupumzika?"

Dada akageukia bahari.

Ikawa mchezo wa kila jioni. Akimfuata mtoto anamkuta amefungwa taulo la meli, safi, kimya, na nepi zimepigwa pasi zimekunjwa kama karatasi. "Na mbeleko, mama?" "Naifua. Kesho." Kesho ikifika, kesho tena.

Lakini Kibonge alianza kuwa wa baridi. Si homa, ni baridi, kama chupa iliyotoka kwenye friji. Utosi wake ulinuka mvuke na mwani. Akimbusu shavuni, midomo inabaki na chumvi. Kisha akakataa ziwa. Analitazama, anamtazama mwenye nalo, anageuza shingo kwa adabu, kama mgeni aliyeshibia alikotoka.

Na anaugeukia ukuta. Na anacheka.

Hee! Kumbe wivu alioujua ulikuwa kiroboto tu, na huu ndio chatu. Kwa dada aliona wivu wa limau na usingizi, vitu vya kununua. Lakini kicheko kile kilikuwa chake! Yeye ndiye aliyekifundisha, kwa kupuliza kitovu, kwa kujitia mbwa na paka usiku wa manane. Sasa kimehama nyumba. Jioni hiyo alimkumbatia mwanawe akajifungia naye chumbani, haendi popote, ngoma na zilie zipasuke. Alijiona mjanja.

Mbeleko ilikuwa bado kulekule.

Fsssss...

Ndipo tulipomkuta, gizani, macho yamemtoka. Aliunyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Kitendo cha kufumba na kufumbua. Taa ikawaka.

Kitanda ubavuni kwake kilikuwa kitupu. Shuka limelowa.

Kicheko sasa kilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Dada! Dada, amka, mtoto!"

Dada aliamka kwenye kitanda cha pili, akamtazama yeye, akatazama kitanda, akausikiliza ukuta. Hakuuliza mengi. "Mbeleko iko wapi?"

"Nilimpa... nilimwazima tu, dada, nilichoka, nilikuwa nakuona wewe umelala pale..."

"Mama alituambia nini?"

Kwenye korido hapakuwa na mtu. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa umefungwa, mwanga mwembamba unachungulia chini. Dada alisukuma kwa kidole. Ukafunguka, kama uliokuwa unawangoja.

Mwanamke alikuwa palepale. Kibonge mgongoni kwake, amefungwa mbeleko ya maua ya njano, shavu limelala kwenye gauni jeupe. Pasi inakwenda, inarudi, mvuke unapanda. Mama Kibonge alitafuta waya wa pasi kwa macho.

Haikuwa na waya.

"Nipe mwanangu," alinong'ona.

"Mchukue," mwanamke alijibu, naye kwa kunong'ona. "Fundo hilo hapo."

Alirukia fundo. Lilikuwa limelowa, gumu kama gogo, kucha zikavunjika. "Kibonge! Baba, mimi hapa, mama!" Mtoto alimtazama. Macho yaleyale, kope zilezile. Alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekosea mlango, kisha akaficha uso kwenye gauni la yule mwanamke akaanza kulia.

Analia kwa kumwogopa yeye.

Alianguka sakafuni. Dada alimshika kwapani, akamwinua, akamtoa mpaka kwenye korido. "Kaa hapa. Usiingie hata ukisikia nini."

"Utamwambia nini?"

"Na mimi mbeleko ile ilinibeba," alisema dada, akafunga mlango.

Minong'ono. Huwezi kushika neno. Sauti ya dada, kisha kimya... sauti ya yule mwingine, kisha kimya kirefu. Kisha dada akaguna mara moja, mguno wa mtu aliyebeba mzigo na kuutua.

Fsssss...

Pasi ikanyamaza.

Dada alitoka na Kibonge mikononi, mbeleko begani. Midomo yake ilikuwa myeupe. Mtoto alikuwa analia kwa njaa, wa moto, ananuka maziwa na mkojo, harufu tamu kuliko maua yote, na alipomwona mama yake alijitupa kwake kwa mwili mzima.

"Dada, umempa nini?"

"Usiniulize." Akauegemea ukuta, mkono tumboni. "Nisindikize chooni."

Asubuhi Bwana Mashuka, mhudumu wa vyumba, mtu wa mizaha, alikuja kutandika. Dada amelala, pazia limeshushwa. Mama Kibonge akamvuta mlangoni.

"Yule mama anayepiga pasi hapo jirani ni wa zamu gani?"

Mizaha ilimtoka. "Chumbani mle hamna pasi, mama. Ziliondolewa zamani. Kuna abiria alimwacha mwanawe kitandani, dakika chache tu, akanyooshe gauni lake la dansi..." Akatazama korido. "Aliporudi..."

"Mtoto alikwenda wapi?"

"Mama, bado tuko majini. Hayo niulize nchi kavu." Akachukua mashuka, akasahau mito.

Mama Kibonge alijitia moyo, akaenda kuchungulia, mchana kweupe, watu wawili wanafua wanapiga soga. Meza ya pasi ilikuwa imekunjwa ukutani, na vumbi lake. Na juu ya vumbi, zimepangwa sambamba, zimenyooshwa zikanyooka...

Soksi mbili nyeupe. Ndogo kama kidole gumba.

Alizitazama mpaka zikaanza kuyumba machoni. Limau. Usingizi wa adhuhuri. Samaki anayenuka. Miguu juu ya mto. Yote yalikuwa mbele ya macho yake siku zote, na yeye alikuwa anahesabu raha za mwenzake.

Alirudi akapiga magoti kando ya kitanda. Dada akasema mwenyewe, macho darini.

"Shemeji yako hajui kama nilikuwa nimebeba. Nilitaka nimwambie tukishuka, nimwone uso. Nilisema safari hii nipumzike, nisibebe hata ndoo." Akageukia ukuta. "Yule mwanamke alitaka wa kubeba. Hakujali wa nani."

"Dada, nisamehe... mimi nilikuwa nakuonea..."

"Na mimi nilikuwa nakuonea wivu. Miaka yote. Ile mbeleko." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Tumelingana sasa."

Usiku wa mwisho kabla ya kuiona nchi kavu, Mama Kibonge alizinduka. Mtoto alikuwa amelala fofofo, amemfunga kifuani kwa mbeleko, fundo mara mbili. Hapakuwa na sauti ya pasi. Kulikuwa na sauti nyingine nyuma ya ukuta, nyembamba, kama ya paka aliyezaliwa jana. Inalia. Mtu anaibembeleza. Inanyamaza.

Dada alikuwa amesimama pale kwa miguu mitupu, sikio ameliweka ukutani.

Anatabasamu.

"Msikie," alinong'ona. "Ana sauti kama ya baba yake." Kisha tabasamu likajikunja pembeni, na Mama Kibonge aliijua ile sura, aliijua vizuri mno, ndiyo aliyokuwa akiivaa yeye. "Ila anambembeleza vibaya. Mimi ningemweza zaidi. Kesho watu wakishuka, mdogo wangu... wewe tangulia."

"Dada, hapana. Unashuka na mimi."

"Shemeji yako asijue. Wala mama. Niapie."

Ukutani, ile sauti ndogo ilianza tena. Mama Kibonge aliushika mkono wa dada yake kwa mikono yote miwili. Ulikuwa wa baridi, kama chupa iliyotoka kwenye friji, na vidole vilinuka mvuke.

"Naapa," alisema. "Sitamwambia mtu mwingine."