Weye Ulikunywa Kahawa Yao

— Weye kaa, Édouard. Ule mwanamuke azunguke nyuma, kule jikoni watamupa kahawa yake.

Madame Adèle, mwenye mkahawa, alisema hivyo kwa Kiswahili chake cha kuamrishia wapishi, sinia mkononi, wala hakumtazama Halima usoni.

Terasi ilikuwa imejaa. Jumapili saa kumi jioni, Wabelgiji wa Kindu walikuwa wamekuja na wake zao na watoto wao kunywa kahawa na kula gato, keki zao, huku wakiangalia mto Lualaba. Enzi zile mtu mweusi aliipita terasi ile kwa mbali, labda awe amebeba sinia. Ni juzijuzi tu walikuwa wameanza kuwaruhusu makarani wachache, wenye tai na Kifaransa chao kilichonyooka, wakae kwenye meza ya mwisho karibu na ngazi. Nao walikaa, na kifua mbele.

Édouard alikuwa mmoja wao. Ofisini kwake, kwenye reli, aliitwa Édouard, kwa sababu mapadri waliomfundisha kusoma walimpa jina hilo na wakubwa wakalipenda. Kwao Alunguli, ng'ambo ya mto, aliitwa Sumaili. Halima naye alimjua kwa Sumaili, tangu siku ya kwanza alipokuja kununua kitumbua kwake.

Jumapili hiyo Sumaili alikuwa amemleta Halima, mchumba wake, ili rafiki yake wa kazini, Louis, amwone akiwa amependeza. Halima alikuwa amevaa kikwembe kipya, kile alichokiweka kwa ajili ya wiki ya harusi. Alikuwa ameshakaa kitini.

— Sumaili, umesikia yenye anasema?

— Nimesikia. Tusifanye makelele, Halima. Shefu iko pale.

— Na mimi niko wapi?

— Zunguka tu kidogo. Nitakuja kukuchukua.

— Nizunguke?

— Kidogo tu, mpenzi.

Louis alitazama viatu vyake. Madame Adèle akaweka kikombe kimoja mbele ya Édouard. Shefu wa stesheni, mzungu mnene mwenye kofia nyeupe, alikuwa akimwangalia kutoka meza ya pili. Édouard akamwona. Akainua kikombe, akanywa.

Halima aliona mpaka koo lilivyopanda na kushuka. Akasimama.

— Madame, jikoni kwako sifike. Kwetu kahawa iko mingi.

Akashuka kwa ngazi za mbele, katikati ya meza zao, bila haraka. Hakulia. Alilia alipofika nyuma ya stesheni, na hapo alilia kwa hasira.

Sasa utaniuliza, msomaji, kunywa kahawa kuna kosa gani? Ngoja nikwambie, kosa lipo na ni kubwa.

Mama yake Halima, Mama Zawadi, alikuwa na baraza lake la kahawa nyuma ya stesheni, kwenye mtaa wa Waislamu. Watu wa reli wakitoka kazini walipita pale, wengine na wake zao na watoto, wakala vitumbua na kashata za karanga, wakanywa kahawa ya tangawizi, wakawasema mashefu mpaka jua linazama. Na baraza lile lilikuwa na desturi yake, iliyokuja na babu zao waliotoka pwani. Mtu akija na ombi zito, akipewa kikombe anakiweka chini mbele yake, hakigusi. Watu wote wanajua huyu ana neno. Anayeombwa akikubali, anamwambia, kunywa. Akikataa, anakimwaga uani, na mwombaji anaenda zake. Marehemu baba yake Halima, alipokuja kuposa, aliwahi kukaa na kikombe chake mpaka kikapoa, Mama Zawadi akimringia, kabla ya kuambiwa kunywa.

Basi kwa watu hawa, anayekunywa amesema yuko sawa, hana anachodai. Na Sumaili alikuwa amekunywa.

Kesho yake Louis akatumwa. Akamkuta Halima akigeuza vitumbua, jasho limemjaa usoni.

— Amenituma, Halima.

— Nani? Édouard ao Sumaili?

— Ah! Njo muntu mumoja.

— Kwangu ni wawili. Ule wa tai simujue.

— Anaomba musamaha. Aliogopa. Shefu anaweza kumufukuza kazi, unajua wale watu.

— Ninawajua. Aliogopa, sikatae. Lakini nani alimulazimisha kumeza?

— Halima, ni kahawa tu!

— Ingekuwa kahawa tu wangenipa na miye. Kula kitumbua chako, Louis, uende umwambie. Na usilipe, weye haukukosa kitu.

Louis akala. Akala na cha pili, maana ujumbe ulikuwa mzito na vitumbua vilikuwa vya moto.

Mama Zawadi, aliyekuwa amesikia yote kutoka ndani, akatoka na mwiko.

— Mwanangu, muntu wa biro, wa ofisi, hapatikane kila siku. Tumeshasema na wazee wake. Utatia watu haya?

— Mama, baba angekunywa?

Mama Zawadi akageuka na mwiko wake. Akarudi ndani kuchochea moto ambao haukuwa na haja ya kuchochewa.

Siku ya nne Sumaili akaja mwenyewe. Alikuja bila tai, saa ambayo baraza limejaa. Akaamkia, akakaa mkekani. Mama Zawadi akammiminia kutoka kwenye dele la shaba, ile birika ya kahawa aliyoachiwa na mumewe. Sumaili akachukua kikombe kwa mikono miwili, akakiweka chini. Hakukigusa tena.

Mpiga makaa mmoja, mchochea moto wa treni, aliyekuwa akitafuna kashata akaacha kutafuna.

— Uko na ombi, mwanangu? Mama Zawadi akauliza, sauti imelainika.

— Ndiyo, mama. Ninaomba musamaha. Na ninaomba Halima.

— Muulize mwenyewe.

Halima akafuta mikono kwenye kikwembe, akaja akasimama mbele yake. Alikuwa anampenda. Hilo lilikuwa likimuuma kuliko yote, kwamba hata pale aliona kola ya shati lake imekunjika na akataka kuinyoosha.

— Sumaili, siku ile kikombe kilikuwa mbele yako namna hii.

— Ninajua.

— Sikukuomba upigane. Sikukuomba utukane muzungu. Ungekiacha tu kikae. Mimi ningejua uko na ombi juu yangu. Ningeshuka zile ngazi nikicheka.

— Niliogopa, Halima.

— Na hapa unaogopa nani? Mama yangu? Hapa ni rahisi. Hapa kila muntu anakupenda.

Akainama, akachukua kikombe, akakimwaga uani. Udongo ukainywa kahawa. Mama Zawadi akashika kichwa.

— Siku ya Jumapili, saa kumi, nitakuwa kule ulikunywa, Halima akasema. Kama ombi lingalipo, ulilete kule.

Jumapili ikafika, na Halima hakwenda peke yake. Alikwenda na mama yake, na Louis na mkewe Anne, na wapiga makaa wa treni na wake zao na watoto wao waliooshwa na kupakwa mafuta. Wakabeba mikeka, jiko la makaa, dele, vitumbua na kashata. Wakatandika kwenye majani ya ukingo wa mto, ng'ambo ya barabara, macho kwa macho na terasi. Mama Zawadi alikuwa akinung'unika njia nzima, ila dele hakukubali mtu mwingine alibebe. Tangawizi ilipochemka, harufu ikavuka barabara bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Madame Adèle akashuka mpaka ngazi ya mwisho.

— Hapa hapana pa kufanyia soko! Muende kwenu!

— Hatuuzishe kitu, Madame, Halima akajibu. Tunakunywa na ndugu zetu. Terasi njo yako. Muto hauko wako.

Anne akacheka kwa sauti, akampa mwanawe kashata.

Sumaili alikuwa juu, kwenye meza ya mwisho, peke yake, na tai yake. Halima alipomwona moyo ukamshuka. Kumbe amerudi kwa wazungu wake! Akageuza uso, akajitia kumpangia mama vikombe.

— Angalia kwanza, Louis akamnong'oneza. Angalia kikombe.

Kikombe kilikuwa mbele ya Sumaili, kimejaa. Hakikuwa na moshi tena.

Madame Adèle naye alikuwa amekiona.

— Édouard, kunywa. Inapoa.

Sumaili akasimama. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, wote walisikia, lakini ilitoka.

— Sitakunywa, Madame. Niko na ombi. Ule mwanamuke mwenye kikwembe njo atakuwa bibi yangu. Akae hapa, kwa meza hii, kwa mbele.

— Hapana! Nilikwisha kusema.

— Basi, mwaga.

Madame Adèle hakuelewa. Akamtazama shefu wa stesheni amsaidie. Shefu akasimama, uso umemwiva.

— Édouard! Ukishuka ngazi hizi, hapa hutarudi. Na kesho usiingie ofisini. Utaenda bandarini kupakia magunia.

— Aksanti, shefu. Nimesikia.

Akalegeza tai, akaivua, akaitundika kwenye mgongo wa kiti. Akashuka kwa ngazi za mbele, katikati ya meza, njia ileile aliyopita Halima. Akavuka barabara. Wapiga makaa wakasogea kumpisha, na mtoto wa Anne akamshika suruali kwa mikono yenye sukari.

Akakaa mkekani. Safari hii dele alilishika Halima. Akammiminia, akampa. Sumaili akakiweka kikombe chini.

Halima akakaa karibu yake. Akachukua kitumbua, akakimega, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha. Akachukua cha pili.

— Weye! Mama Zawadi akashindwa kuvumilia. Utamutesa muntu mpaka usiku?

— Baba alingojea, mama. Na yeye angojee.

Watu wakaangua kicheko. Sumaili naye akacheka, machozi yamemlenga. Kule juu, viti vya terasi vilikuwa vimegeuzwa vyote kuwatazama wao, na gato zimesahauliwa mezani.

Halima akaunyoosha mkono, akaiweka sawa ile kola yake iliyokunjika.

— Jina lako nani?

— Sumaili.

— Sema kwa nguvu. Kule juu wanajua lingine.

— Sumaili!

— Kunywa, Sumaili.

Akanywa. Ilikuwa ya moto, ikamuunguza ulimi, akameza hivyohivyo. Mama Zawadi akapiga vigelegele, Anne akapokea, na wanawake wote wa ukingoni wakaitikia, mpaka watoto wa terasi wakapanda juu ya viti ili waone harusi ya nani.