Jina la Kwao Madan Merisier

Nilifika parokiani Alhamisi jua likizama. Mzee Ovilma, mtunza vitabu, alikuwa ameshashika ufunguo. Nikaweka mguu mlangoni.

"Njoo kesho, Gerda."

"Kesho mganga anataka jina. Mama yangu anakufa, mzee wangu. Nusu saa tu!"

Akaguna, akafungua. Nimeuza samaki wa kukaanga soko la Jacmel miaka kumi na tano, mtu hanifungii mlango kirahisi.

Shida ilikuwa hivi. Bibi, mama yake mama, alikufa mwaka uliopita. Kwetu mwili huzikwa, lakini roho inakaa chini ya maji mwaka mmoja na siku moja, kwenye baridi, ikingoja watu wake waje kuiita. Mkizembea, inaanza kumvuta mtu wa nyumbani. Sisi tulizembea wiki tatu, na ikamshika mama. Mchana wa jua kali alitetemeka chini ya mablanketi matatu. Asubuhi tulikuta godoro limelowa chapachapa, na wala halikuwa jasho. Yalikuwa maji yanayonuka matope ya mto.

Jumamosi mganga wetu, Baba Desilus, angemtoa bibi majini. Alitaka kitu kimoja tu: jina alilobatizwa nalo, pamoja na jina la kwao.

Hatukulijua. Msinicheke! Kwetu mwanamke akishaolewa ni Madan fulani, yaani mke wa fulani, basi. Bibi alikuwa Madan Merisier kwa mji mzima, na kwetu alikuwa bibi. Kitambulisho chake kilikwenda na mafuriko. Alishuka milimani yatima, hana ndugu hata wa kusingizia. Hata mama, mtoto wa tumbo lake, hakujua alikuwa akiitwa nani kabla ya babu.

Mzee Ovilma akanishushia vitabu vya ndoa, akaniwashia taa ya mafuta, akaenda kufunga madirisha ya kanisa. Mwandiko wa mapadre wa zamani, Mungu anisamehe, kama kuku kapita. Nikaanza mwaka arobaini na tano. Arobaini na sita. Macho yakaanza kuuma...

"Unamtafuta Madan Merisier?"

Niliruka. Kwenye benchi karibu na mlango alikaa msichana, miguu mitupu, kitambaa cheupe kichwani. Sikumsikia akiingia.

"We! Umenishtua. Unamjua?"

"Namjua." Alinong'ona kwa sauti nzito, kama mwenye mafua. "Arobaini na tisa. Mwezi wa pili. Ukurasa wa kushoto, chini."

Nikafunua. Na kweli, lilikuwepo! Merisier Jolibois, mkulima, amemwoa Célamise Cadet. Babu yangu kabisa. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Asante, mdogo wangu, Mungu akuzidishie..."

Benchi lilikuwa tupu.

Mzee Ovilma alirudi, akasimama kizingitini akitazama chini. "Nani kamwaga maji hapa?"

Nilikuwa naandika jina kiganjani kwa kalamu. Nilijiambia yule ni binti wa kufagia kanisa. Kitabu nikakifunga pale pale, bila kugeuza hata ukurasa mmoja zaidi. Kosa ni langu, na nitazikwa nalo.

Jumamosi alasiri tulikaa mikekani, tumevaa nyeupe. Mama tulimbeba kama mtoto. Mbele yetu lilisimama hema la mashuka meupe, ndani yake beseni la maji na mtungi mpya ambamo bibi angekaa. Baba Desilus akaingia na kengele yake. Aliye majini akitoka husalimia watu wake mmoja mmoja kwa jina, na mwenye makosa husemwa hadharani.

"Leo tutatukanwa," mjomba Fanfan aliniambia sikioni. "Bibi alikuwa na mdomo yule!"

Tukacheka kidogo.

"Célamise Cadet!" Baba Desilus aliita. Kengele. "Célamise Cadet!" Kengele. "Célamise Cadet, watu wako wamekuja!"

Maji yakavuma. Mtu akakohoa ndani ya hema, kikohozi cha aliyepaliwa na maji. Harufu ya matope ikatupiga usoni.

"Merisier yuko wapi?"

Haikuwa sauti ya kizee.

Mama alijikokota hadi kwenye shuka. "Baba alishafariki, mama. Ni mimi, Ifonia wako. Nina baridi, mama. Nisamehe."

Matone tu... to... to... to...

"Sina mtoto mimi," sauti ikasema. "Nilikaa miezi minne tu kwa mume wangu."

Sauti nzito, ya mwenye mafua. Niliijua.

"Nani analala kitandani kwangu?"

Kitu kikapasuka ndani ya hema. Baba Desilus akatoka kwa magoti, jasho linamtiririka, mkononi ana kipande cha mtungi.

"Gerda," akanong'ona. "Umenipa jina la nani?"

"Mrudishe! Baba, mrudishe alikotoka!"

"Aliyetolewa harudi. Na mtungi umevunjika."

"Sasa yuko wapi?"

Alikuwa anamtazama mama.

Mama alikuwa ameacha kutetemeka.

Jumatatu nilikimbia parokiani. Nikafungua kile kitabu, nikageuza kurasa tatu. Tatu tu! Mwaka hamsini: Merisier Jolibois, mgane wa Célamise Cadet, amemwoa Orélia Bontemps.

"Huyo wa kwanza alizama mtoni akifua," Mzee Ovilma alisema polepole. "Mvua ilinyesha kule juu, maji yakaja ghafla. Babu yako alikuwa na haraka ya kuoa tena, hakumtoa majini. Akakataza asitajwe. Sisi watoto wa wakati ule tulichapwa kwa kulitaja jina lake."

"Siku ile ulimwona msichana kwenye benchi?"

Alijifanya anatafuta ufunguo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na jina la kweli mdomoni. Mama alikuwa jikoni! Amesimama kwa miguu yake mwenyewe, anakoroga uji wa mahindi na maharage, anaimba. Wiki nzima hakuwa ameinuka kitandani. Machozi yakanitoka, nikasahau hofu yote.

"Mama! Nimepata jina la bibi. Aliitwa Orélia Bontemps."

Mwiko ukasimama. Hakugeuka.

"Jina hilo usilitaje nyumbani kwangu."

Nimemweleza Baba Desilus. Anasema kwa bibi hakuna njia, mlango wa maji umefungwa mpaka mwaka mwingine na siku moja. Bibi yangu yuko kule chini kwenye baridi, na aliyemwacha ni mimi. Kuhusu mama anasema nishukuru anakula. Ni kweli, anakula. Amenenepa, anasuka nywele, anatembea wima, na mjomba Fanfan anacheka kwamba dada yake ameota ujana. Mimi sicheki. Namwita mara ishirini kwa siku, bila sababu, nisikie tu.

"Mama?"

Huitika. Lakini kila mara huchelewa kidogo.