Mate ya Jemadari

Kilianza kitu kidogo tu: pembe ya ukurasa ilikuwa imelowa kabla hajaigusa.

Mshona vitabu alikunja uso. Kazi yake pale maktaba ilikuwa kushona vitabu vilivyochanika na kubandika majalada upya, na hakuna alichokichukia kama wasomaji wanaolamba kidole ndipo wafunue ukurasa. Uchafu mtupu! Huyu kalamba, yule kalamba, mwisho kitabu kinakuwa bakuli la mate ya mji mzima. Aliwahi hata kubandika onyo ukutani. Lakini mganga hajigangi. Alasiri akirudi nyumbani na kuketi kando ya kitanda cha mama yake kumsomea, naye alilamba kidole bila hata kujijua.

Mama alikuwa hainuki tena, na starehe iliyombakia ilikuwa moja: riwaya za vita. "Mapenzi wasome wenye meno," alizoea kusema. "Mimi nipe mizinga." Safari hii binti yake alimletea kitabu kile kile cha pembe iliyolowa, riwaya ya Jemadari mashuhuri aliyeshikilia mji uliozingirwa miezi tisa. Raia walichemsha ngozi za viatu wakanywa maji yake, naye akala nyama kila siku mbele yao, akilambalamba vidole.

"Soma basi," mama akahimiza. "Jemadari hangoji mtu."

Binti akalamba kidole, akafunua. Ulimi ukamjaa ladha ya mafuta ya nyama iliyovunda. Akameza, maana hapakuwa na pa kutemea, akaendelea kusoma.

Kesho yake mama hakugusa chakula. Kesho kutwa pia. Siku ya nne binti alimletea supu, akamwinua kichwa.

"Mama, angalau vijiko viwili. Utakufa na njaa."

"Hiyo ya askari," mama akajibu kwa sauti nzito ya kiume. "Nipe kidole."

Binti akacheka, akidhani ni mzaha wao wa siku zote. Mama akamdaka mkono, akakitia kile kidole kinywani na kuanza kukinyonya, na ulimi uliokizunguka ulikuwa baridi, mnene, wenye utelezi wa ngozi ya nyama iliyokaa juani. Binti alijinasua akakimbilia bafuni kutapika.

Tangu siku hiyo nyumba ikanuka. Alideki, akafungua madirisha, akafua mashuka mara tatu, na bado mchana kweupe, jua likiwaka na majirani wakicheka nje, uvundo ule ulitoka chini ya mto wa mama ukapanda ukutani, ukaingia kwenye nguo na nywele zake, na ndani ya uvundo huo akasikia mtu akitafuna taratibu, kwa raha zake, ilhali mama hatafuni kitu, amelala macho juu, mbavu zikihesabika, akiisha siku hadi siku.

Ndipo akamwita mganga, bibi mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Bibi alinusa kitabu, akakirudisha mezani upesi na kufuta mikono kwenye kanga.

"Nani anasoma?" akanong'ona.

"Mimi, bibi."

"Unalamba kidole?"

Binti akainamisha kichwa.

"Kuna jini la mate humu, mwanangu. Kila msomaji kalilisha tone lake. Wewe ukaliita kwa sauti, kwa jina na cheo cha huyo Jemadari, mbele ya mgonjwa."

Akafukiza chumba, akasoma maneno yake, akampiga mama mgongoni kwa kiganja, tena na tena, mpaka shingo ya mama ikavimba, kinywa kikaachama, na kikachungulia kitu ambacho binti hatakisahau: donge la karatasi rojorojo, la manjano, lenye nywele na vipande vya kucha za watu, likipumua. Likafika midomoni, likakwama hapo hapo. Mama akaanza kugeuka rangi ya buluu.

"Livute, bibi!"

"Nikilivuta litatoka na roho yake." Jasho lilimtiririka mganga. "Limegoma. Linataka kinywa kilicholiita."

Binti alielewa. Machozi yalimtoka kwa kinyaa, na kila kiungo mwilini kilimwambia akimbie. Akamtazama mama, macho yamemtoka, mikono ikipapasa hewa kumtafuta yeye. Basi akapiga magoti, akafumba macho, akaweka kinywa chake juu ya kinywa cha mama, akafungua.

Liliingia lenyewe, vuguvugu, bila haraka.

Mama akavuta pumzi ndefu. Uvundo ukakatika palepale. "Jamani, nina njaa!" akasema kwa sauti yake mwenyewe, na mganga akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mama akala supu bakuli zima, akaomba la pili, rangi ikamrudia mashavuni. Kisha akamgeukia mwanawe aliyeketi pembeni, midomo ameibana kwa mikono miwili.

"Na wewe mwanangu, umekula?"

Binti akatikisa kichwa tu. Alijua akifungua kinywa, atakayejibu si yeye.